"Off" siyo kuzima tu, watoto wetu wanapotelea hapo

Mhariri, salamu kwako na kwa wasomaji wote kutoka huku Dodoma. Naomba nafasi nizungumzie kitu ambacho wengi tunakichukulia poa lakini kinawaumiza sana watoto wa sekondari, nacho ni vile vitenzi vya Kiingereza vinavyotembea na mkia, yaani kuna neno la kitendo halafu nyuma yake kuna kaneno kafupi kama up, off, out, in au down, na hako kaneno kafupi ndo kanageuza maana nzima. Nitaongelea zaidi kimoja, "send off", kwa sababu hicho Watanzania tumeshakichukua kikawa chetu na kila wikiendi tunakichangia hela.

Hapa mjini hakuna asiyejua sendofu ni nini. Binti anaagwa na wazazi wake kabla ya harusi, kuna kamati, kuna grupu la wasapu la michango ambalo mwenyekiti anakumbusha ahadi asubuhi na jioni, kuna ukumbi, emsii, keki, ndafu imeletwa mbele na majani mdomoni, na kama familia ni ya Kigogo basi akina mama wakiingia na ngoma za muheme ukumbi mzima unasimama, hata wale waliokuja na suti zao kutoka ofisi za serikali kule Mtumba wanasimama. Mtu akikwambia Jumamosi ana sendofu huna swali la kumuuliza zaidi ya sare ni rangi gani.

Sasa kwa wenye lugha yao, "send-off" kama jina la kitu ipo na haiko mbali sana na yetu, ni kumuaga mtu anayeondoka, labda anahama kazi, anastaafu, anasafiri mbali, na hata kwenye msiba wanaweza kusema wamempa marehemu "a good send-off", maana yake wamemzika vizuri na kwa heshima. Ila ndani yake hakuna bibi harusi. Mwingereza ukimpa kadi yetu anaweza kuuliza binti anasafiri kwenda wapi. Kuna watu wanasema basi sendofu ni Kiingereza kibovu tuliache, mi hapo sikubaliani nao hata kidogo, neno limeshaingia Kiswahili kama "shule" ilivyotoka kwa Wajerumani na "meza" kwa Wareno, limepata maana yake hapahapa nyumbani na linafanya kazi yake, hakuna sababu ya kumuonea aibu mama wa watu anayetamka sendofu ya mwanangu.

Shida inaanza pale mtoto anapobeba maana ya ukumbini na kuipeleka kwenye karatasi ya Kiingereza. Jioni huwa nafundisha tuisheni huku Nkuhungu, na kuna siku niliwapa watoto wa kidato cha pili habari fupi ya mpira, kwamba nahodha "was sent off" kipindi cha pili na timu yake ikapoteza mechi, halafu swali likauliza kwa nini timu ilimaliza na wachezaji kumi. Binti mmoja, tena mwenye akili sana, akaandika kwamba nahodha alikuwa na sherehe yake ya kuagwa kwahiyo ilibidi awahi. Sikucheka na darasa sikuliruhusu licheke. Ukimfuatilia yule mtoto kafikiri vizuri kabisa, kachukua kitu anachokijua kwa uhakika akakitumia, angekuwa na makosa gani wakati hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba neno lina mlango mwingine? Kijana wa kule nyuma ambaye kila Jumamosi haponyoki banda umiza ndo akasema, "Madam, huyo kala umeme." Darasa zima likaelewa hapohapo, kadi nyekundu, katolewa nje.

Nikawaambia sasa angalieni hiki kitenzi kinavyofanya kazi. Sisi tunataja kadi, tunasema kalimwa kadi nyekundu au kala umeme. Mwingereza hataji kadi kabisa, anataja mwelekeo tu, refa kamtuma mchezaji aondoke uwanjani, na sababu iko wazi, hicho kitenzi kilikuwepo kabla kadi hazijakuwepo. Kwenye Kombe la Dunia la 1966 kule Uingereza, robo fainali ya Uingereza na Argentina uwanja wa Wembley, refa Mjerumani Rudolf Kreitlein alimtoa nje nahodha wa Argentina, Antonio Rattín, kwa mdomo na mkono, Rattín akagoma kutoka, anadai aletewe mkalimani, refa na mchezaji hawasikilizani lugha na mpira umesimama dakika kadhaa. Baada ya hapo Mwingereza Ken Aston aliyekuwa anasimamia marefa akaja na wazo la kadi za rangi akiwaza taa za barabarani, na zikaanza kutumika Kombe la Dunia la 1970 Mexico. Mwaka huo hakuna aliyeoneshwa nyekundu, wa kwanza kwenye Kombe la Dunia akawa Carlos Caszely wa Chile mwaka 1974 dhidi ya Ujerumani Magharibi. Watoto walisikiliza hiyo hadithi mpaka mwisho, na nina uhakika "sent off" haitawatoka tena, wakati ile orodha ya kukariri niliyoikuta kwenye madaftari yao, vitenzi vimepangwa kushoto maana kulia, hawakumbuki hata nusu.

Kuna gazeti moja, silitaji, niliwahi kusoma ukurasa wake wa michezo wameandika habari ya nje kwamba beki "alisindikizwa" dakika ya sabini. Huyo aliyetafsiri kachanganya na ndugu yake mwingine, "see off". Hiyo "see off" ndo kusindikiza, ile tunayofanya pale stesheni ya SGR, mgeni kapanda treni ya kwenda Dar na nyie mmebaki mnapunga mikono. "Send for" ni kuagiza mtu aitwe aje. Ukiwa na mgonjwa nyumbani unaweza ku-"send for" daktari, ukimaliza ku-"see off" daktari mlangoni, na barua yako ya maombi ya kazi uka-"send off" asubuhi kwa posta au mtandao. Kwenye "send for" na "send off" kitenzi ni kilekile, mkia umebadilika, kila kitu kimebadilika. Na bado hujagusa "send back" ambayo ni kurudisha.

Halafu kuna mambo ya mpangilio ambayo mtihani unapenda sana kuyauliza. Unaweza kusema "the referee sent off the player" na unaweza kusema "the referee sent the player off", zote sawa. Lakini ukishaweka kiwakilishi, him, her, them, lazima kikae katikati, "sent him off". Watoto wanaandika "sent off him" kwa wingi sana, na wanaandika hivo kwa sababu waliambiwa kitenzi ni "send off" wakakishika kama neno moja lisilokatika. Ila siyo vyote vinakatika, "look after" kwa mfano haikatiki, unasema "look after him" tu, na hapo ndo mtoto anachoka. Mi huwa nawaambia wasikariri kanuni kwanza, wasikilize. Kwenye "sent him off" sauti inapanda juu ya off. Kwenye ile ya sherehe, "a send-off", sauti inapanda juu ya send na kwenye maandishi kunakuwa na kistari katikati. Mtoto mwenye sikio zuri, na watoto wetu wana masikio mazuri sana ya lugha, wengi wanaongea Kigogo au Kirangi nyumbani, Kiswahili mtaani, Kiingereza darasani, anaishika hiyo mapema kuliko mwalimu anavyodhani.

Na tukiwa kwenye maandishi, naomba wenye steshenari wanisikilize. Kadi nyingi zinatoka zimeandikwa SEND OF kwa f moja. Hayo maneno mawili, of na off, zamani sana yalikuwa neno moja, yakaja kuachana kidogokidogo, kwahiyo anayechanganya hajafanya jambo la ajabu, lakini leo ni maneno mawili tofauti na binti wa watu anastahili kadi iliyoandikwa sawasawa, hela ya kadi imetoka kwenye michango ya ndugu. Au andikeni tu Kiswahili, "sherehe ya kumuaga binti yetu", inapendeza na inaeleweka mpaka kwa bibi kule Mpwapwa.

Hayo ya sherehe na mpira yanavumilika, mtu akikosea maisha yanaendelea. Kilichonifanya niandike ni masomo ya sayansi.

Mtoto wa Kitanzania anakutana na off mara ya kwanza wapi? Kwenye swichi. On ni kuwasha, off ni kuzima. Anakua nayo hivo, redio iko offu, jenereta iko offu, baba yuko offu leo haendi kazini. Darasa la kwanza mpaka la saba kwenye shule zetu nyingi anasoma kwa Kiswahili, ndo utaratibu tangu 1967, halafu anamaliza, anakaa nyumbani kidogo, Januari anaingia kidato cha kwanza na kitabu cha kemia kiko Kiingereza kitupu. Anafungua anakuta sentensi kwamba ukiweka asidi ya haidrokloriki iliyopunguzwa kali juu ya kalsiamu kaboneti, gesi ya kabonidayoksaidi "is given off". Anajua give ni kutoa, anajua off ni kuzima. Anaandika kwenye daftari lake gesi imezimwa. Nimeliona hilo daftari kwa macho yangu, mwandiko msafi, mchoro wa chupa umepigwa rula, na chini yake gesi imezimwa.

Na angalia hatari ya hapo mhariri, ukurasa unaofuata anaambiwa kwamba ukiingiza kijiti kinachowaka kwenye hiyo gesi, moto unazimika. Sasa kila kitu kinamthibitishia kwamba alikuwa sahihi! Gesi, off, kuzima, moto umezimika kweli, basi kaelewa. Atatembea na hilo mpaka kidato cha nne na mwalimu wa kemia atasema huyu mtoto hajui kemia, wakati kemia hana tatizo nayo, na wazazi wake watasema mtoto wetu ni mzito wa sayansi bora asome masomo ya sanaa. Kumbe "given off" ni kutoka, gesi inatoka, inaondoka kwenye mchanganyiko inaenda zake. Ni off ileile ya mchezaji anayetoka uwanjani na ya binti anayetoka kwao.

Ndo maana nasema tuanzie kwenye mkia. Ukimwambia mtoto kwamba off kwenye vitenzi vingi inabeba wazo la kuondoka, kutoka, kuachana na mahali, ghafla vitenzi vingi vinakaa upande mmoja, "set off" ni kuanza safari, "take off" ndege imeruka au umevua viatu, "drop off" ni kumshusha abiria, "cut off" ni kukata kabisa kikatengana, "send off", "see off", "give off". Hawezi kuvikariri kimoja kimoja lakini anaweza kuvishika kwa pamoja kwa kuwa kuna kamba moja. Siwadanganyi kwamba kila kitu kinaingia humo. "Put off" ni kuahirisha, unaweza kusema jambo limesogezwa mbali, sawa. "The milk went off", maziwa yameharibika, hapo kamba inakuwa nyembamba. Na kuna "the alarm went off" ambayo inawachanganya kuliko zote, mtoto anasoma "the alarm went off at five" anaelewa kengele ilizimika, kumbe ililia, tena ililia saa kumi na moja alfajiri na hadithi nzima inategemea hapo. Hizo unawaambia wazi kwamba zimejitenga, wazishike kwa mifano, na hawalalamiki kama umewaambia ukweli mapema.

Wala tusione kama Waingereza wana kitu cha ajabu tusichokuwa nacho. Sisi mkia tumeuingiza ndani ya kitenzi. Funga, fungua, fungia, fungana, fungisha, mgeni anayejifunza Kiswahili anahangaika nazo vilevile, anashangaa kwa nini "ziba" ikiwekwa kaherufi inakuwa "zibua" na maana imegeuka kinyume. Mwambie mzungu aeleze kwa nini tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga picha, tunapiga kura, tunapiga deki na hakuna aliyepigwa hapo. Hata wenyewe walijua lugha yao ina hilo gumu, Samuel Johnson aliyetoa kamusi kubwa ya Kiingereza mwaka 1755 alisema humo mwanzoni kwamba hivi vitenzi vya kuongezewa kaneno nyuma ndivyo vinavyowapa wageni shida kubwa kuliko. Huyo ni mtu aliyeishi na hayo maneno miaka na miaka akiyapanga. Sasa mtoto wa Bahi au Chamwino ambaye kaanza kufundishwa kwa Kiingereza Januari akishindwa "given off" mnamwita mzito?

Mi ninachoomba siyo kikubwa wala hakihitaji bajeti. Ile kozi ya mwanzo ya kidato cha kwanza ambayo watoto wanapewa kabla ya kuingia kwenye masomo yenyewe, mwalimu wa Kiingereza akae na wa kemia, wa fizikia na wa baiolojia, wafungue vitabu vyao vinne mezani wachukue vile vitenzi vyenye mkia vinavyojirudia humo. Siyo vingi kama watu wanavyodhani. "Carry out" jaribio, hiyo ni kufanya, siyo kubeba kupeleka nje, na nimeona mtoto kainua stendi na chupa anaelekea mlangoni kwa sababu maelekezo yamesema "carry out the experiment". "Made up of", imeundwa na. "Break down", chakula kinavunjwavunjwa tumboni. "Find out", "work out", "fill in", "leave out", "cross out". Hizo za mwisho ziko kwenye maelekezo ya mtihani wenyewe, mtoto anaweza kujua majibu yote akapoteza maksi kwa kutoelewa anaambiwa afanye nini.

Na walimu wenzangu wa Kiingereza, tuache kuwapa watoto karatasi yenye vitenzi mia wakakariri wikiendi. Tuwape habari, tuwape mechi, tuwape stendi ya mabasi na sendofu ya dada yake, mtoto aone nani anaondoka na nani kabaki. Kijana wa banda umiza anasikia watangazaji wa Kiingereza wakisema "sent off", "kick-off", "brought on", "taken off" kwa dakika tisini mfululizo na anaelewa kwa sababu anaona kwa macho, huyo ni hazina darasani lakini tunamfukuza eti anapenda mpira. Mchezaji "taken off" katolewa apumzike, mwingine kaingia. "Sent off" hakuna anayeingia. Hiyo tofauti anaijua kuliko kamusi, mpe nafasi aieleze kwa wenzake.

Mhariri, kwenye ukurasa wa elimu kama mtaweza mtenge hata kona ndogo kila wiki, kitenzi kimoja chenye mkia, sentensi yake kutoka kwenye kitabu cha sayansi na maana kwa Kiswahili cha kawaida, gazeti lenu linafika mpaka vijijini ambako mtandao unasumbua na kuna shule zinabandika kurasa zenu ukutani. Mimi niko tayari kuleta mifano bila malipo na najua wapo walimu wa Kondoa na Kongwa watakaojiunga. Lakini wiki hii kabla ya kona yoyote, kidato cha nne wanajiandaa na mtihani wa taifa wa Novemba, kwahiyo mwalimu wa kemia unayesoma hapa, kesho ukiingia darasani andika ubaoni "is given off", waambie kila mmoja aandike kwa Kiswahili ameelewa nini, kusanya karatasi usome mwenyewe, halafu ndo uendelee na kipindi.

Mwalimu wa Kiingereza,
Nkuhungu, Dodoma